Kuhamia Beni kwa Utaratibu

Barua ya uhamisho ilinikuta Butembo siku ya Jumanne, ikiwa na mihuri miwili na kosa katika jina langu. Kosa sikulijali. Mihuri niliitazama vizuri, mmoja baada ya mwingine, nikaridhika. Mimi ni mkaguzi wa shule, mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Maniema, na katika maisha yangu nimeiheshimu mihuri kuliko nilivyowaheshimu baadhi ya wajomba zangu. Barua ilinitaka nikaanze kazi Beni, katika ofisi iliyoko Bungulu, "bila kuchelewa." Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu.

Kwingineko safari hiyo ingeitwa kuhama mtaa. Kwa jirani zangu ilikuwa msiba. Walikuja kwetu jioni ileile wakaketi kwenye viti, wasiojipatia kiti wakasimama na mikono nyuma. Mama mmoja alileta kichane cha ndizi, akamshika mke wangu bega na kumwambia pole. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko nilichokuwa nacho, lakini hakuna aliyenipa hongera. Kila mtu kwetu anajua kwamba barabara ile ina upande mmoja. Watu wanakimbia vita Beni na vijiji vya nyuma yake, wanakuja Butembo, magodoro yamefungwa juu ya gari na kuku wananing'inia pembeni. Anayekwenda kinyume ni mwanajeshi, mchuuzi, au mtumishi wa serikali mwenye barua mkononi.

Mke wangu ni mtoto wa Butembo, na wazee wake wote walizikwa huko. Siku ile alikuwa akichambua maharagwe ya Musienene kwenye ungo. Aliisoma barua, akaikunja kama ilivyokuwa, akasema, "Tutaona." Kisha akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na miwili. "Ndiyo" yake naijua, na "hapana" yake naijua zaidi. Hii "tutaona" sikuijua. Niliogopa, na leo nasema wazi kwamba niliogopa, kuwa nitakwenda Beni peke yangu, yeye na watoto wetu wawili wabaki. Jambo rahisi lilikuwa kumuuliza. Lakini ukimuuliza mtu swali, anaweza kukujibu. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza swali jingine kabisa, tena kwa watu wengine: kampuni gani ya kuhamisha vyombo ni ya kuaminika katika mji huu?

Mtu mwingine angeuliza jirani, jirani angemwita ndugu yake mwenye gari, na mambo yangekwisha kabla ya chakula. Mimi nilifuata utaratibu. Serikalini, hata ukitaka kununua ufagio, lazima upate makadirio matatu kutoka kwa wauzaji watatu, kila moja kwenye karatasi iliyopigwa muhuri, ile tunayoiita proforma. Nilipoajiriwa nilicheka utaratibu huo. Baada ya miaka ishirini sikuweza tena kununua nyanya bila kutamani zabuni. Nilikwenda kwa wapiga chapa wa kando ya barabara, nikachapisha tangazo: mkaguzi fulani anaalika kampuni zenye sifa, nyumba ya vyumba vitatu, watu wanne, kutoka Butembo hadi Beni. Nikaandaa jedwali la alama ishirini. Uzoefu alama mbili. Hali ya gari alama mbili. Adabu ya wabebaji tatu. Usalama wa vioo vya kabati tatu. Makaratasi, alama kumi.

Niliunda pia kamati. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Mjumbe alikuwa mke wangu, aliyepewa taarifa kwa maandishi. Mtazamaji asiye na kura alikuwa dada yake mkubwa, shemeji yangu, mjane aliyeishi katika chumba chetu cha uani. Alikuwa amekimbia kijiji chake, nyuma ya Beni, akaingia kwetu na beseni moja kichwani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipompa taarifa yake aliigeuza upande wa pili kuona kama kuna kitu, akafunikia sufuria.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na ofisi ya kweli. Ukutani walichora lori jekundu lenye macho na tabasamu. Ndani palikuwa na meza, maua ya plastiki, kalenda tatu za mwaka uliopita, na mkurugenzi aliyevaa tai.

"Camion iko?" nilimuuliza.

"Iko, papa inspecteur. Iko mu njia."

"Itafika lini?"

"Inafika," alisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Niliandika: lori lipo. Kisha akanipa proforma yake. Ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na kichwa cha rangi mbili, namba ya kumbukumbu yenye mikwaju mitatu, na muhuri wa duara wenye tai aliyekunjua mabawa. Nikasema moyoni, hawa ni watu.

Kampuni ya pili ilikuwa ya ndugu watatu wa kikundi cha maombi. Waliomba kabla ya kuketi, wakaomba baada ya kuketi, wakamwombea pia mlinzi wa jirani aliyekuwa akipita. Nikawaambia kwamba kwenye karatasi zao sioni bima.

"Papa, assurance yetu ni Yesu," alijibu mkubwa wao.

Nikamwambia aiandike. Akaiandika na kupiga muhuri. Nililala na jedwali langu nikishindwa kujua Mwokozi anaingia safu gani. Mimi ni Mkristo, sikuweza kumpa alama ndogo. Lakini nilijua pia kwamba kabati la vioo likivunjika hatakuwa na ofisi ya kupokea malalamiko. Mwishowe nilimweka kwenye "Dhamana nyinginezo," safu niliyomwongezea pembeni ya jedwali, alama moja na nusu, na Jumapili kanisani sikuweza kutazama mbele vizuri.

Wa tatu hakuwa kampuni. Alikuwa mzee mmoja mwenye Fuso kuukuu, nilimkuta kwenye maegesho akiliosha kwa maji ya bidoni, yaani dumu. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba samaki kutoka Kyavinyonge, na harufu ya ziwa ilikuwa imeingia kwenye mbao za gari hata sabuni haikuitoa. Nilimwomba proforma.

"Papa, miye nabebaka bintu," alisema, kitambaa mkononi. "Makaratasi, hapana."

"Lakini nitajuaje kama wewe ni wa kuaminika?"

"Uulize samaki."

Nilimpa sifuri kwenye makaratasi, na kwenye adabu nikamkata alama moja kwa jibu lile.

Kuna jambo moja ambalo halikuingia kwenye jedwali. Wote watatu, yule wa tai, wale wa maombi na mzee wa samaki, kwanza walidhani nimekosea. "Ni kutoka Beni kuya huku?" Nikawaambia hapana, kutoka huku kwenda kule. Kisha kila mmoja akauliza neno lilelile: "Na mama anakubali?" Kwa wa kwanza nilijibu kwamba mama amepewa taarifa. Kwa wa pili nilisema mambo ya ndani hayahusu zabuni. Kwa mzee wa Fuso niliangalia saa yangu.

Kamati iliketi siku ya Jumamosi sebuleni, saa nne asubuhi. Niliandika hata akidi. Mke wangu alihudhuria huku akimsuka binti yetu nywele, na kila nilipomwomba maoni alisema, "Weye njo mwenyekiti." Nilisoma alama kwa sauti. Kampuni ya tai ilikuwa na kumi na saba. Wa maombi, kumi na moja na nusu. Mzee wa Fuso, nne.

Nikauliza kama mtazamaji ana neno. Nilifanya hivyo kwa sababu utaratibu unataka mtu aulizwe, sikutegemea jibu. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha nje kwenye jua.

"Kampuni, sijue," alisema. "Miye nilihamaka mara ine. Mara ya kwanza nilibeba radio. Radio! Juu ya nini? Hata leo sijue, hata mabuye ya batri ya kutiyamo haikukuwa. Mara ya pili nikabeba sufuria munene na unga, nikaitupa mu njia. Mara ya tatu sikubeba kitu, nilibeba batoto. Mara ya ine njo nilijua: chumvi, sabuni, blanketi moja, na bulletin ya batoto mu plastiki."

"Bulletin, ripoti zao za shule?" nilimuuliza. Nilishangaa, na kama mkaguzi nilifurahi kidogo.

"Eee. Sababu mara ya tatu tulifika mu centre moja, batoto banakatalwa ku masomo. Banatuuliza: bulletin iko wapi? Tukasema iliungua na nyumba. Banasema: lete original."

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama kuku. Haikuwa ofisi yangu, wala mji wangu, lakini sentensi ile niliijua. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu, kwa herufi kubwa nilizoziandika mwenyewe, na chini yake niliongeza "Hakuna majadiliano" na alama mbili za mshangao. Mke wangu alisimamisha kitana kwenye nywele za mtoto. Nikainamia daftari na kuandika: "Maoni ya mtazamaji yamepokelewa." Ndivyo nilivyoandika, na bado naona aibu.

Kampuni ya tai ikashinda. Niliwaandikia wengine wawili barua za kuwashukuru kwa kushiriki.

Siku ya kuhama nilivaa suti. Nilitaka niwapokee watu wa kampuni kama inavyostahili. Saa mbili asubuhi nikasikia lori likipanda kilima chetu, na kabla sijaliona nikasikia harufu. Niliijua ile harufu. Fuso kuukuu likaingia uani kinyumenyume, mzee akashuka, akavua kofia na kunisalimu.

"Wabukire, papa inspecteur."

"Mzee, kuna makosa. Mimi ninangojea kampuni."

"Njo miye kampuni."

Alinieleza bila kunicheka, na hilo lilinichoma zaidi. Mkurugenzi wa tai hakuwahi kuwa na lori, ila lile la ukutani. Akipata kazi, humwita yeye. Wale wa maombi vilevile: waliwahi kuwa na gari, lilikufa, sasa humwita yeye. "Hata ungechagula nani," alisema, "bote banaitaka miye." Nilikuwa nimelinganisha mtu mmoja na nafsi yake mara tatu, nikampa alama kumi na saba, kumi na moja na nusu, na nne. Mkurugenzi alikuwa amemtuma na bahasha: orodha ya vyombo na karatasi ya kupokelea, vyote vimepigwa muhuri tayari. Juu yake kulichapwa, "Familia ya mkaguzi, watu wanne, nyumba kamili."

Wabebaji wawili waliokuja naye hawakuwa na haja ya maagizo yangu, kwa sababu shemeji alishachukua uongozi. Sijui alianza saa ngapi. Nilipotoka na jedwali langu la upakiaji, vitanda vilikuwa vimeshafunguliwa, misumari imewekwa kwenye soksi, na soksi imefungwa kwenye mguu wa kitanda chake. Vioo vya kabati alivivisha vikwembe na kuviingiza katikati ya magodoro. "Hii chini. Ile juu. Weye, hapana kuvuta, nyanyua." Wanaume wazima walimtii. Katika saa moja na nusu nyumba yangu ilikuwa juu ya Fuso, na mimi nilikuwa bado natafuta kalamu.

Mzee akazunguka gari, akakaza kamba, akaketi kwenye ngazi ya mlango wake.

"Twende," nilisema.

"Tunangojea mbabula."

Mbabula ni lile jiko letu la makaa, na la kwetu lilikuwa jikoni, linawaka, na juu yake sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka. Nilimwambia mbebaji akamwage makaa, alipakie. Mzee akamzuia kwa kidole.

"Papa inspecteur, miye nina sheria moja tu. Mbabula inapandaka ya mwisho, na mama njo ananipatiya na mikono yake. Akinipatiya, nyumba inahama. Asiponipatiya, ni bintu tu njo inatembea."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

"Haiandikwe. Mara tatu nilibebaka nyumba ya mwanaume peke yake, na mara tatu nikairudisha."

Nilikwenda jikoni na suti yangu. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, watoto wamesimama nyuma yake wamevaa viatu. Hapo ndipo ningeweza kumuuliza. Badala yake nilimweleza. Nilimweleza kwamba nyumba ya Bungulu ina sakafu ya saruji, kwamba bomba liko uani, kwamba shule iko nyuma ya nyumba, kwamba walimu na maafisa wengi waliotumwa wanaishi mtaa ule na familia zao, kwamba hali siku hizi ni afadhali, kwamba cheo kimepanda. Nilisema vizuri sana. Nilipofika kwenye "hatimaye" alikuwa amekoroga sufuria mara nne.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bon. Uende na bintu yako. Mbabula inabaki. Miye na batoto tunabaki."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mambo yamekwisha, gari limejaa, zabuni imefungwa, nimeshatia sahihi.

"Ulisaini na nani?" aliniuliza.

Nikapandisha sauti. Sitayaandika yote niliyoyasema. Binti yetu alianza kulia, nikatoka.

Yeye alikuja nyuma yangu akijifuta mikono. Alionyesha tu kwa kidevu. Kitanda cha watoto, chini. Kabati, chini. Viti, meza ya kulia, masufuria, chini. Jirani walewale waliokuja kutupa pole walikuwa wamesimama kwenye ua wa miti, na sasa walishuhudia nyumba ikipakuliwa mbele ya mwenye nyumba aliyevaa tai. Juu ya Fuso niliachiwa godoro moja, meza yangu ya kazi, kiti kimoja, rafu ya mafaili na bidoni moja la maji. Lori la tani kadhaa, na mzigo wa mwanafunzi wa bweni.

Shemeji alinifuata hadi mlango wa gari akanipa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na chumvi, sabuni, barua yangu ya uhamisho na kadi yangu ya kazi.

"Shemeji, hii ushike weye mwenyewe," alisema. "Hapana kuitupa juu ya bintu."

Nilitaka kumwambia asante kwa Kinande, lile neno "wasingya" ambalo hata mtoto wa Butembo analijua. Halikutoka. Nikalikaza fundo la mfuko.

Tukapita Maboya. Mzee aliendesha polepole, akilikwepa kila shimo kana kwamba nyuma kulikuwa na vioo. Nikamwambia anaweza kukimbiza, hakuna cha kuvunjika. Hakubadili mwendo.

"Mama, ulimuuliza?" alisema baadaye.

"Nilimweleza kila kitu."

"Naelewa ulimweleza. Nauliza, ulimuuliza?"

Niliangalia dirishani. Nilikuwa nimechapisha tangazo, nimeunda kamati, nimewapa alama watu watatu ambao walikuwa mtu mmoja. Mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa nimempa taarifa.

Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi alisoma karatasi ya kampuni. Aliisoma polepole, akapanda gurudumu akachungulia nyuma, akashuka, akanihesabu. Nilikuwa mmoja.

"Papa, hapa banaandika batu ine. Famille iko wapi?"

Kosa la hesabu kwenye karatasi yenye muhuri si jambo dogo, mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mwalimu nyumbani kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikaanza kueleza habari ya kalenda ya masomo. Alinitazama usoni, na nikaishia katikati ya sentensi.

"Bibi yangu alikatala," nilisema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kwa sauti, nikamwambia mtu mwenye bunduki nisiyemjua.

Alikunja karatasi akanirudishia. "Mwasi na ngai mpe atikala na Mbandaka," alisema kwa Kilingala chao, yaani hata wake alibaki Mbandaka. Kisha akainua kamba tukapita.

Bungulu tulifika mchana. Nyumba ilikuwa na sakafu ya saruji kweli, na bomba kweli lilikuwa uani. Wabebaji walishusha vitu vyangu kwa dakika chache, wakaviweka katikati ya sebule, na sebule ikaonekana kubwa zaidi. Mzee akanipa karatasi ya kupokelea niisaini. Ilikwisha chapwa: nyumba imefika kamili, hakuna kilichopungua. Chini kabisa kulikuwa na mistari mitatu ya maoni.

Kwenye mistari ya namna hiyo, maisha yangu yote, nimeandika R.A.S., herufi tatu za Kifaransa tulizorithi kwa Wabelgiji, maana yake hakuna la kuripoti. Nimeziandika kwa shule zisizo na paa. Nimeziandika kwa madarasa ya watoto mia na mwalimu mmoja. Nilikuwa nimeshaandika R pale nilipoikata. Nikaandika: "Mke wangu hayupo. Watoto hawapo. Nilikosea kutokuuliza. Sasa nauliza: unakubali kuja kuishi nami huku?"

"Umeandika nini?" mzee aliuliza.

Nikamsomea. Karatasi nyingine za kampuni alizisukuma nyuma ya kioo cha gari, kwenye vumbi. Ile aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Hii haiko ya kampuni," alisema.

Nikaanza maisha ya mwanamume mwenye kiti kimoja. Wenzangu kazini, wengi wao kutoka mikoa mingine, walinifundisha mahali pa kununua sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha twangwa. Simu ya nyumbani nilipiga kila siku, watoto waliniambia habari za shule, mke wangu aliniambia watoto wako salama. Karatasi hakuitaja, nami sikuwa na ujasiri wa kuitaja. Mlangoni pa ofisi yangu mpya palikuwa na tangazo la aliyenitangulia, lenye sentensi ileile ya original. Nililibandua. Mkuu wangu aliuliza limekwenda wapi, nikamwambia limechukuliwa na upepo, ingawa mlango ule uko ndani.

Wiki ya pili, asubuhi, harufu ya samaki iliingia ofisini kabla ya mtu. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, akafungua kifungo cha shati na kunipa karatasi ileile. Ilikuwa na alama ya mafuta pembeni. Chini ya maneno yangu mke wangu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu ya mtoto: "Hii ni karatasi ya kampuni. Kuya uniulize mwenyewe."

Niliisoma nimesimama. Nilimuuliza mzee anarudi Butembo lini. Akasema samaki wameshashuka, gari linawaka.

Nilikwenda kwa mkuu wangu kumwambia naomba siku mbili. Akanijibu, bila kuinua macho, kwamba ruhusa inaombwa kwa maandishi, nakala tatu, na jibu linapatikana baada ya siku saba za kazi. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi mwenyewe nisingemjibu mtu vingine.

Nikamwambia nitaandika nikirudi, nikatoka nje, nikapanda mbele karibu na mzee, sina hata kalamu.